Kutumia vyote viwili si kuvitumia pamoja

Hapa Malindi siku hizi neno "kuchanganya" limekuwa hukumu. Mwanafunzi wa chuo akionekana mara moja na chupa, mwezi mwengine akipita ananuka bangi, basi kesi imekwisha: "Yule anachanganya." Nimelisikia kwenye vikao vya wazazi, nimelisikia kwa vijana wa bodaboda, na nimelisikia kwa walimu ambao ndio waandishi wa ripoti za wanafunzi. Neno moja limebebeshwa mambo matatu, na mawili kati yake si yake.

Maana yenyewe ni fupi. Matumizi ya pamoja ya pombe na bangi ni mtu kutumia vyote viwili katika kikao kimoja, au kwa nafasi ndogo kiasi kwamba cha pili kinamkuta cha kwanza hakijamtoka. Hayo tu. Si lazima viingie kwenye glasi moja, na maana hiyo haisemi lolote kuhusu uraibu.

Sasa kuna yule anayekunywa Ijumaa na marafiki, akavuta msokoto Jumanne peke yake. Huyu anatumia vyote viwili, lakini hajavitumia pamoja hata siku moja. Dodoso za kawaida haziwezi kumtenga na mwenzake, kwa sababu huuliza maswali mawili yaliyoachana: mwezi uliopita ulikunywa? Mwezi uliopita ulivuta? Ndiyo mbili, na hapo mtu ameshaandikwa mchanganyaji. Watafiti wa Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana kwa wanafunzi wa vyuo, waliona ndiyo mbili hazitoshi, wakaanza kuuliza moja kwa moja kama vitu hivyo vilikutana mwilini.

Na tofauti hiyo si ya kitabuni. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia majibu ya watu wazima wa Marekani kwa jumla, ulikuta kwamba wanaovitumia kwa wakati mmoja walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuendesha gari wakiwa wamelewa, ukiwalinganisha na wanaokunywa pombe pekee. Sisemi kuchanganya ndiko kulikosababisha yote hayo. Wanaochanganya mara nyingi ndio hao hao wanaokunywa zaidi. Lakini mwaka huo huo jaribio lililofanywa Iowa, huko huko Marekani, watu wakipewa vipimo vinavyojulikana, lilionyesha kuwa pombe kidogo ikitangulia, kiwango cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, hupanda juu zaidi kwenye damu kuliko bangi ikivutwa peke yake. Yaani msokoto ni ule ule, mvutaji ni yule yule, na stimu si zile zile.

Kwa hiyo swali la maana ni la saa. Bangi ya kuvuta hupanda kwa dakika na huisha baada ya saa chache. Ya kuliwa ni mjanja: inaweza kukaa nusu saa hadi saa mbili kabla haijabisha hodi. Kijana anakula kipande cha keki saa kumi alasiri, haoni kitu, anaona ametapeliwa, magharibi anakwenda zake kunywa. Yeye atakuapia kwamba hakuchanganya, maana moja alikula mchana na moja alikunywa usiku. Amechanganya. Aliyelewa jana usiku na kuvuta leo jioni, pombe ikiwa imeshamtoka, hakuchanganya, hata kama mama yake amehesabu vyote kwa siku moja.

Upande wa pombe, mwili huondoa takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, na kahawa chungu haiharakishi kitu. Tatizo letu ni hicho "kinywaji kimoja". Mnazi ulioshushwa alfajiri ni mtamu karibu kama juisi, na kadiri jua linavyopanda unazidi kuchacha, hata ule wa jioni unakuwa mkali wa kukunja uso. Kijana akikwambia alikunywa chupa mbili mangweni, bado hujajua chochote mpaka umuulize zilikuwa za saa ngapi.

Linaloniudhi kuliko yote ni la tatu. Mji huu una kidonda chake cha unga, yaani heroini. Omari Project ilianza hapa kuwahudumia waraibu wa heroini miaka ya tisini, na dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa katika hospitali ya Malindi tangu 2015. Kwa watu waliopitia hayo, kuchanganya kuna maana moja: kokteli, yaani unga ulionyunyiziwa kwenye msokoto wa bangi. Ndiyo maana mzazi akiambiwa mwanawe anachanganya, miguu inamwisha nguvu. Mama mmoja aliniuliza afuate utaratibu gani ili kijana wake aandikishwe methadoni. Nikamuuliza, "Mama, ameambiwa anachanganya nini na nini?" Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Ikaja kubainika ni bia na bangi. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake. Kwa bia na bangi haina kazi, na kumpa asiyetumia unga, tena mwenye pombe kichwani, ni kumtia hatarini, kwani methadoni na pombe zote hupunguza pumzi. Alichohitaji kijana yule ni kukaa na mshauri nasaha akaulizwa anakunywa kiasi gani, anavuta saa ngapi, na nani anamrudisha nyumbani.

Basi, mwalimu wangu, ukifika kwenye ile sehemu ya ripoti inayouliza mwanafunzi anatumia nini, taja vitu kwa majina yake. Ukijua kwamba pombe na bangi zilikutana usiku mmoja, andika hivyo, na ukiweza taja kipi kilitangulia. Ukijua tu kwamba hunywa na pia huvuta, andika "hutumia pombe, hutumia bangi", uweke nukta. Na kama hukutaja unga kwa sababu hukuuona, basi usiliache neno "anachanganya" likutajie kwa mzazi wake.