Mafuta ya nazi hayazuii jua: kinga ya ngozi kwa watu wa Lamu

Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, mbingu ya Lamu huwa nyeupe na jua hupiga kwa nguvu zake zote. Ndio msimu ninaoulizwa sana kama mafuta ya nazi, liwa au mshubiri vinatosha kumkinga mtu na jua. Havitoshi. Vina kazi yake, na nitaieleza, lakini kinga ya asili inayofaa ni ile inayozuia miale isifike mwilini tangu mwanzo: saa unayotoka, kivuli unachokaa na nguo unayovaa.

Jua hutoa miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haihisiwi. Aina B ndiyo inayounguza ngozi ya juu. Aina A hupenya ndani zaidi, huharibu nyuzi zinazoifanya ngozi ijivute na kurudi, na hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Joto ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakati wa kusi upepo hupoza mwili, mtu akakaa mashuani tangu asubuhi bila kuhisi lolote, na usiku mabega yakamuwaka. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 yake na povu la mawimbi karibu asilimia 25, ndiyo maana anayetembea ufuoni Shela huungua kidevu na chini ya pua hata akiwa amevaa kofia.

Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwisho wa Septemba, jua la mchana hupita utosini hasa. Kwa saa ya ukutani halifiki kileleni saa sita kamili, bali kati ya saa sita na saa sita na nusu, kutegemea mwezi. Kanuni rahisi ya kujua ukali wake ni kivuli chako mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miale ni mikali na unahitaji kujikinga. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hapa kwetu, hali hiyo huanza mnamo saa tatu na nusu asubuhi na kuendelea hadi baada ya saa tisa.

Kipimo hicho tunacho tayari midomoni mwa waadhini. Adhuhuri huingia jua linapoanza tu kupinduka, wakati miale iko karibu na kilele chake. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata hapa, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Kwa hivyo, ikiadhiniwa alasiri, saa kali zimekwisha. Anayeanika samaki, anayebeba matofali ya matumbawe au anayepiga rangi chombo ufuoni, kazi ya jua kali aimalize kabla ya saa tatu na nusu au aiahirishe hadi baada ya alasiri. Hakuna mafuta yoyote yanayoweza kushindana na mpango huo.

Kuhusu kivuli, si kila kivuli ni kinga. Miale haishuki kutoka kwenye jua peke yake; nyingine hutawanywa na hewa na kuja kutoka kila upande wa mbingu. Simama kivulini kisha tazama juu na pembeni: kadiri unavyoona mbingu nyingi, ndivyo unavyopata miale mingi. Vichochoro vya mji wa kale, vyenye nyumba ndefu za mawe pande zote mbili, ni kivuli cha kweli. Mwembe uliofunga majani ni kivuli cha kweli. Mwavuli mmoja katikati ya ufuo au turubai dogo juu ya mashua hupunguza tu, na humo ndani bado vaa mikono mirefu.

Nguo nitazikalia kidogo, kwa sababu ndizo kinga bora kuliko zote na watu huzichagua kwa rangi au wepesi tu. Inyanyue nguo uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, jua nalo linakuona. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba hupitisha takriban sehemu moja kati ya saba ya miale, na ikilowa hupitisha karibu theluthi. Mvuvi anayeshinda na fulana nyeupe iliyorowa amevaa kinga hafifu sana. Leso iliyofumwa vizuri, kikoi kizito au buibui jeusi hukinga zaidi. Rangi iliyoiva humeza miale mingi kuliko nyeupe. Nguo mpya ya pamba hukaza nyuzi baada ya kufuliwa mara kadhaa, hivyo kinga huongezeka, lakini iliyochakaa hadi ikawa laini na nyepesi ibaki ya kulalia. Leso ikikunjwa mara mbili juu ya mabega hukinga zaidi.

Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu na isiyo na ukingo, ni pambo zuri la msikitini na barazani, lakini masikio, pua na kisogo huviacha wazi. Baharini na shambani vaa pama ya ukindu yenye ukingo wa sentimita 7 au 8 pande zote. Kagua ufumaji wake: ikikuangushia madoadoa ya mwanga usoni, itie kitambaa kwa ndani.

Ngozi nyeusi ina melanini, ambayo yenyewe ni kinga ya kiasi cha SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale inayounguza). Hiyo ni nafuu kubwa, lakini haiondoi mabaka meusi ya mashavuni wala jua kuharibu macho na midomo. Anayejipaka mkorogo huibomoa kinga hii kwa mikono yake: zebaki na hidrokinoni huzuia melanini isitengenezwe, na steroidi huipunguza ngozi unene. Nasema hili kwa uchungu, hasa kwa mabinti wanaojitayarisha kwa arusi. Hata singo yenye manjano, nzuri kama ilivyo, husugua tabaka la juu la ngozi. Baada yake kaa ndani au jifunike vizuri siku mbili tatu.

Sasa ndimu. Ganda na maji ya ndimu yana kemikali ambayo, ikipigwa na miale ya aina A ikiwa juu ya ngozi, huiunguza. Si mzio, humpata yeyote. Fikiria mtu anayekata ndimu za achari: maji yamemchuruzika kwenye viganja na vifundo, kisha anatoka uani kuzianika juani. Siku hiyo haoni kitu. Kesho yake ngozi inawasha, siku ya pili au ya tatu malengelenge yanatoka kwa mistari, vile vile maji yalivyochuruzika, na yakipona huacha alama nyeusi za wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Kwa hivyo kamua ndimu ndani, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, sugua katikati ya vidole, ndipo utoke. Na usipake ndimu usoni kwa kutafuta weupe, hata kidogo.

Mafuta ya nazi huziba unyevu usitoke kwenye ngozi. Pakaza kijiko kimoja au viwili vya chai mwilini baada ya kuoga jioni, ngozi ikiwa bado mbichi. Asubuhi kabla ya kwenda baharini hayana msaada, maana miale mingi huyapita. Liwa iliyosagwa kwa marashi hupoza na hutumiwa kutuliza vipele vya joto, lakini ikikauka hupasuka na jasho huiosha, kwa hivyo ni ya nyumbani.

Sehemu ambazo nguo haifiki, yaani uso, masikio, shingo na migongo ya mikono, zinahitaji krimu ya madini ya oksidi ya zinki, SPF 30 au zaidi. Uso na shingo vinataka kijiko kizima cha chai, na kila mkono, ukiwa wazi wote hadi begani, kijiko kimoja. Paka robo saa kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Wanaopaka kidogo ndio wanaolalamika kuwa haifanyi kazi. Usijaribu kuchanganya unga wa zinki na mafuta ya nazi nyumbani: unga huganda vidonge vidogo, na katikati yake hubaki mapengo usiyoyaona.

Ukishaungua, mwagia maji ya kawaida dakika 10 hadi 15, au funika kwa leso iliyolowa. Mshubiri hapa una nafasi yake. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 ili utomvu wa manjano umwagike, maana huo huwasha. Lioshe, limenye, upake ule utelezi mweupe peke yake, kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono. Malengelenge usiyapasue, wala usipake dawa ya meno.

Watu wenye ualbino hawana ile kinga ya melanini, na kwao nguo, kivuli na krimu huenda pamoja tangu utotoni. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia krimu hiyo bure kupitia hospitali za serikali. Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki 4 kwenye mdomo, sikio au mkono lipelekwe hospitalini, na likiwa kwa mwenye ualbino, asingoje hata hizo wiki.