Saa za Muuguzi Mwenye Sare

Daftari la mahudhurio linalokaa mlangoni mwa hospitali hujibu swali moja tu: fulani alifika au hakufika. Katika hospitali ya kiraia jibu hilo hutosha kwa kiasi fulani, maana muuguzi aliyetia sahihi asubuhi huwa wodini mpaka zamu yake iishe. Katika hospitali ya jeshi halitoshi kabisa. Muuguzi mwenye sare hutumikia wodi na hutumikia kikosi, na siku hiyohiyo aweza kufunga vidonda asubuhi, kwenda kwenye mazoezi ya shabaha adhuhuri, kisha kupangwa ulinzi wa lango jioni. Mimi kazi yangu ni kumbukumbu za watumishi wa afya, na msimamo wangu ni kwamba saa zilizojumlishwa bila kuonyesha zilikwenda wapi ni hatari kuliko kukosa hesabu, kwa sababu aliye juu huziamini na kuzipangia bajeti.

Sisi wa Lamu jambo hili liko karibu nasi. Kambi ya wanamaji ya Manda Bay ni jirani yetu, na matabibu wa jeshi wamekuwa wakiendesha kambi za matibabu vijijini, wakati mwingine bega kwa bega na watumishi wa kaunti, ambao tangu ugatuzi wa mwaka 2013 wako chini ya serikali ya kaunti. Mwezi ukiisha, kila upande huandika ripoti yake. Ni rahisi sana mgonjwa mmoja akahesabiwa pande zote mbili, na saa za aliyemtibu zisihesabiwe popote.

Mfano uliofafanuliwa kwa kina kuliko mingine ninayoijua ni wa Marekani. Huko hospitali za jeshi zina mfumo wa kuripoti gharama na utendaji wa tiba, unaojulikana kwa ufupi kama MEPRS, ambao huigawa kazi yote kwa herufi: A ni wagonjwa waliolazwa, B wagonjwa wa nje, C meno, D huduma saidizi kama maabara, famasi na eksirei, E utawala na shughuli za kuiendesha hospitali, F miradi maalumu, na G utayari wa kijeshi. Herufi zinazofuata huonyesha kitengo chenyewe, kwa hiyo saa zilizoandikwa BGA ni za kliniki ya tiba ya familia. Mtumishi hujaza karatasi ya saa ya wiki mbili mbili, msimamizi wake huipitisha, kisha hesabu hubadilishwa kuwa watumishi kamili kwa kipimo cha saa 168 kwa mwezi, yaani siku 21 za saa 8. Gharama za E nazo hazibaki mahali pake, bali hugawanywa kwa hatua juu ya idara zinazohudumia wagonjwa, hivyo kosa lililofanyika ofisini hufika mpaka wodini likiwa limevaa sura ya gharama ya mgonjwa.

Herufi ninayoitazama kwanza ni G. Tuchukue hesabu ya kubuni. Muuguzi mmoja ana saa 168 za mwezi. Kati ya hizo, 24 ametumia katika mazoezi ya kijeshi, 16 katika ulinzi, na 8 akiwafundisha askari huduma ya kwanza. Zimebaki saa 120 za kliniki, yaani sehemu 0.71 ya mtumishi kamili. Ikiwa kliniki ilipokea wagonjwa 600, kila mgonjwa alipata dakika 12 za muuguzi. Lakini karani akizitupa saa zote 168 kwenye kliniki, kila mgonjwa ataonekana amechukua karibu dakika 17. Ukiilinganisha na kliniki ya kiraia yenye dakika 12, hii ya jeshi itaambiwa ni ya wavivu, na utayari, ambao ndio sababu ya jeshi kuwa na matabibu wake, utaonekana haukugharimu kitu.

Kosa la upande wa pili ndilo gumu zaidi kuliona. Askari halipwi saa za ziada. Karatasi yake ya saa haigusi mshahara wake, tofauti na raia aliye meza ya pili, ambaye saa zikipungua mfuko wake utamwambia. Basi muuguzi mwenye sare aliyefanya kazi saa 210 huandika 168, kwa kuwa huo ndio mwezi na hakuna atakayemuuliza. Kwa uhalisia alikuwa mtumishi 1.25. Siku kikosi kitakapoondoka naye, ataletwa raia mmoja wa saa 168, foleni itarefuka, na mkuu wa kliniki atalaumiwa kwa upungufu ambao haujawahi kuandikwa. Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba saa ziandikwe zote zilizofanyika, hata zile zisizolipwa, na anayezipitisha awe ni mtu aliyemwona mtumishi akifanya kazi, asiwe ofisa aliye mbali anayebonyeza ili tarehe ya mwisho isimpite.

Saa zenyewe hazina maana kama taarifa za mwenye saa si sahihi. MEPRS huwaweka watumishi katika makundi matano: madaktari na wenzao wanaotibu, wataalamu wengine wa huduma, wauguzi waliosajiliwa, wasaidizi wa tiba, na watu wa ofisi na ugavi. Msaidizi wa tiba aliyesoma akasajiliwa kuwa muuguzi, lakini kumbukumbu yake ikabaki ya zamani, atakuwa akifanya kazi ya kundi la tatu na kuhesabiwa katika la nne. Kwenye jumla ya idara hutaona tofauti, ila siku ya kuomba wauguzi utaambiwa wasaidizi unao wa kutosha.

Tatizo huzidi pale ambapo mtu ana kumbukumbu mbili. Uingereza wataalamu wengi wa tiba wa jeshi huwekwa katika hospitali za kiraia, na kituo chao kikuu cha tiba ya kijeshi kimekuwa Birmingham tangu mwaka 2001. Mtu wa namna hiyo ana nambari ya jeshi na ana nafasi katika wodi ya raia, na kila daftari lina haki ya kumdai. Akihamishwa, jeshi hulijua siku ileile, na hospitali huweza kulijua mwezi ujao. Kwa muda huo yeye ni mfanyakazi hewa bila kuiba senti. Dawa yake ni kazi ya kuchosha: kila mwezi orodha ya kikosi, orodha ya hospitali na karatasi za saa zikae meza moja, uwatafute wenye saa wasio na jina na wenye jina wasio na saa.

Sasa nije kwenye kosa letu wenyewe, ambalo sijalikuta katika mwongozo wowote wa kigeni. Jeshi huandika saa kwa tarakimu nne, kutoka 0000 hadi 2359. Sisi tunahesabu kutoka macheo na machweo. Muuguzi akisema ameingia saa moja, na karani akaandika 0100 badala ya 0700, huku muda wa kutoka ukiandikwa sawasawa 1900, zamu ya saa 12 imekuwa ya saa 18, na hilo mkaguzi atalikamata. Baya zaidi ni pale makosa yanapolingana. Aliyefanya kazi kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja jioni akiandikwa 0100 hadi 1300, jumla ni 12 ileile. Hakuna kengele itakayolia, ila kwenye karatasi wodi imebaki bila mtu kutoka 1300 hadi 1900, na kabla ya macheo ina watu wawili.

Kisha kuna tarehe. Kwa hesabu ya pwani siku huanza magharibi, na usiku hutangulia mchana wake. Mazungumzo kama haya ya karani na muuguzi ni ya kawaida dirishani:

"Sista, Alhamisi usiku ulikuwa kazini?"

"La, mwanangu. Mimi nilishika usiku wa Ijumaa, na asubuhi yake nikaenda nyumbani kujitayarisha na sala."

Amejibu kweli tupu. Usiku alioushika ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisi ulianza Alhamisi saa moja jioni. Kijana aliyelelewa bara ataingiza Ijumaa 1900, na wodi ya Alhamisi itakuwa tupu. Fomu niipendayo haina nafasi ya jina la siku kabisa. Ina tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kumaliza, basi. Zamu ya 1900 hadi 0700 hukatwa saa sita ya usiku: saa 5 kwa tarehe ya kwanza na saa 7 kwa ya pili. Usiku wa kuamkia mwezi mpya, mkato huo ndio unaoamua mwezi upi ubebe saa zipi.

Safari nazo ni kazi. Tabibu aliyetumwa kisiwa cha Pate akakaa kwenye boti akingoja maji yajae ili apite mkondo wa Mkanda, saa zake ziandikwe kwa shughuli iliyomtuma, wala zisibebeshwe kliniki aliyoiacha.

Wengi huniuliza kuhusu mashine za alama za vidole. Zina faida langoni, lakini hazijui kama mtu ameingia kutibu au kulinda, na mara nyingine hukataa vidole vilivyochakaa kwa kuoshwa kutwa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu alama hizo kuwa taarifa nyeti. Kwa jeshi kuna uzito mwingine, kwa kuwa ratiba ya zamu yenye majina huonyesha ni wangapi wapo, wapi na saa ngapi. Baada ya shambulio la Manda Bay la tarehe 5 Januari 2020, sidhani yupo mtu wa hapa anayehitaji kuelezwa kwa nini karatasi hiyo isizagae. Ratiba ya kila siku ibaki kambini, na kinachotoka kiwe ni jumla ya saa kwa idara, kwa kundi la watumishi na kwa mwezi, bila majina. Kaunti haina haja ya kujua nani alishika lango usiku upi. Inahitaji kujua kwamba kambi ya matibabu ya pamoja ilipata saa 120 za muuguzi na saa 60 za tabibu, ili kikosi kikihamishwa ijue ni saa ngapi za kutafuta, na za kundi gani.