Siyo kila kijani cha bwawani ni spirulina

Tangu watu waanze kuuziana unga wa kijani kwenye magrupu, malalamiko yanayotufikia maabara yameongezeka na mengi yanafanana: mtu kanunua spirulina, yaani mwani mdogo unaokaushwa kuwa unga wa kula, kanywa, tumbo limemsokota, katapika. Ukiuliza imevunwa wapi unaambiwa bwawani. Bwawa gani? Kimya.

Mwani wenyewe sina ugomvi nao jamani. Kama umepiga mswaki leo huenda umeshautumia, maana karajinani inayofanya dawa ya meno isijitenge na maji yake inatokana na mwani wa baharini, aiskrimu nyingi nazo zinayo, angalia E407 kwenye pakiti. Agaa, ile jeli ya mwani, ndo tunayooteshea bakteria hapa kila siku, mtindo ulioanzia maabara ya Robert Koch, mtafiti wa bakteria wa Ujerumani, miaka ya 1880. Hata yale mafuta ya omega-3 ya samaki, sehemu kubwa chanzo chake ni mwani mdogo, samaki kaila tu.

Sasa hiyo ya bwawani. Spirulina inakuzwa kwenye maji makali kama ya magadi, pH 9 hadi 11, ambako viumbe vingi vinashindwa kuishi, na ukiitazama kwenye hadubini unaona nyuzi zimejikunja kama springi ya kalamu. Sampuli moja tuliyoletewa kwenye chupa ya soda haikuwa na springi hata moja, ni vidoti tu vimejazana kama wingu, hiyo ni Microcystis, kiumbe kingine kabisa cha kijani cha majini, na inaweza kutoa sumu ya ini inayoitwa mikrosistini. Kuchemsha hakuiondoi. Kuanika hakuiondoi. Nimechoka kulirudia hili. WHO kwenye maji ya kunywa ya kila siku wameweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita, ujue tunaongelea kitu gani.

Kwa wauzaji: sampuli anachukua mkaguzi, inagawanywa mafungu matatu, kila fungu linapigwa lakiri na kuandikwa namba ya toleo, moja linabaki kwako, moja linapimwa, la tatu linatunzwa endapo utakata rufaa. Majibu yakisubiriwa mzigo hauuzwi. Mzigo ukifeli unateketezwa kwa gharama yako, na kuvunja lakiri ni kosa linalojitegemea hata kama mzigo ungekuja kuonekana safi.

Alafu wale wanaosema mwani unatoa mafuta ya gari. Yanatoka kweli, Marekani waliyafanyia utafiti toka 1978 hadi 1996, ila gharama ilizidi ya dizeli, maana lita 1 ya bwawa la wazi mara nyingi haina hata gramu 1 ya mwani mkavu, yanayobaki ni maji ambayo lazima uyatoe kwa nishati ileile unayoitafuta.

Na wasiokula nyama, vitamini B12 ya spirulina nyingi ni aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii, msiitegemee.

Unga wa nyumbani usio na jina la kiumbe, namba ya toleo wala cheti cha kipimo cha mikrosistini, usiuonje. Kama umeshakudhuru, uone daktari kwanza, ndo utuletee ukiwa kwenye pakiti yake ileile. Ukiuhamishia kwenye kopo la majani ya chai hatupokei.