Mota ya reli ya kamera haipaswi kutembea muda wote

Vijana wengi wa Kigoma wanaorekodi jua likizama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Kongo, kwa picha nyingi zinazounganishwa kuwa video fupi (timelapse), huamini mota inayosogeza kamera juu ya reli yake inapaswa kutembea polepole bila kusimama. Mchana haidhuru sana. Giza likiingia, picha moja huweza kuhitaji sekunde 2 za kupokea mwanga. Reli ikisogea wakati huo, hata taa za bandarini zilizotulia tuli hugeuka michirizi. Inauma kuona jioni nzuri ikipotea hivyo. Ipange mota isogee, isimame, itulie, ndipo kamera ipige.

Video ya sekunde 10, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 250. Kwenye reli ya mita 1, kila hatua ni milimita 4 tu.