Kibao cha kupigia msasa matabaka ya upinde: yasemwayo na yaliyo kweli

Ukienda karakana za useremala za Keko, Dar es Salaam, na vipande vyembamba vya mti, useme unaunda upinde wa matabaka na unaomba kupitisha kwenye mashine ya msasa, ushauri utapewa bure. Mwingine uache palepale, hasa kuhusu kibao kinachobeba kila kipande, yaani tabaka, kikipita chini ya ngoma ya msasa inayozunguka.

"Ubao mpya wa dukani umenyooka." Si lazima. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, inafaa kwa kibao cha kubebea kwa kuwa haina nyuzi za kuuvuta huku na kule, ila hunywa unyevu, na masika ya Dar hayana huruma. Ukiuegemeza ukutani, utaota tumbo. Paka vanishi pande zote mbili na kingo; ukipaka upande mmoja tu, ule mwingine utaendelea kunywa na kibao kitajikunja. Kisha kilaze juu ya kioo kinene. Kikichezacheza, bado.

"Nusu milimita si kitu." Hapa ndipo pinde nyingi zinapoharibikia. Ugumu wa mkono wa upinde, yaani kila upande unaopinda, hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene: mkono wa milimita 10 ukizidi nusu milimita, ugumu wake huongezeka kwa takriban asilimia 16. Mkono wa pili usipozidi hivyo, upinde utavutika kombo, na hakuna kamba itakayoutibu. Kibao chenye tumbo hurudia kosa lilelile kwenye kila tabaka, nawe unagundisha matatu au manne pamoja.

"Kibao kikiwa kinene upande mmoja, tabaka nalo litakuwa nene upande huo." Kinyume kabisa. Ngoma ya msasa haishuki wala kupanda. Kibao kinapoinuka, mti ndio unaoliwa. Kwa mteremko wa milimita 2 kwa kila mita, tabaka la sentimita 90 litapishana milimita 1.8 kati ya ncha na ncha.

"Kizuio kikae mbele." Kizuio ni kijiti kibaoni kinachozuia tabaka lisiteleze. Ngoma huzunguka kinyume na mwendo wa kibao, kwa hiyo hulisukuma tabaka nyuma. Kizuio kiwe mkiani, kifupi kuliko unene unaoutaka, la sivyo msasa utakitafuna. Usisimame nyuma yake pia. Tabaka likichomoka halibishi hodi.

"Uso laini kama kioo ndio unaoshika gundi." Gundi ya epoksi inataka mikwaruzo, msasa namba 60 au 80 unatosha. Mtiki una mafuta, ufute kwa asetoni kabla ya kupaka gundi. Na unapoyabana matabaka ili yashikane, usiyakaze mno, gundi yote itamwagikia mezani.