Sensa ya Hall: kabla ya kuilaumu, kagua sifuri yake

Moduli ya ACS712, chipu ya kupimia mkondo wa umeme kwa kanuni ya Hall, ikisoma ampea 0.6 wakati hakuna mzigo wowote, wengi huhukumu kwamba chipu ni bovu. Mara nyingi chipu ni nzima. Kilichohama ni sifuri, yaani volti inayotolewa na sensa pasipo mkondo.

Waya wenye mkondo huzungukwa na uga sumaku. Uga huo ukipenya kipande cha semikondakta kinachopitisha mkondo wake mdogo, chaji husukumwa upande mmoja na volti ndogo hujitokeza ubavuni. Edwin Hall aliliona jambo hili mwaka 1879. ACS712 huikuza volti hiyo na kuiegemeza katikati ya umeme unaoilisha: ukiilisha volti 5, sifuri ni volti 2.5. Toleo la ampea 5 huongeza milivolti 185 kwa kila ampea, la ampea 20 milivolti 100, la ampea 30 milivolti 66.

Neno la kushika hapo ni "katikati". Umeme ukishuka kutoka volti 5.00 hadi 4.75, jambo la kawaida kwenye waya mwembamba wa USB, sifuri hushuka hadi 2.375. Hizo ni milivolti 125, na kwa toleo la ampea 5 ni kosa la ampea 0.68. Usikivu nao hupungua, kutoka 185 hadi karibu 176.

Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) inayotumia volti 5 hizohizo kama rejea ya ADC, sehemu inayogeuza volti kuwa namba, hailioni kosa hili, kwa sababu vyote viwili hushuka pamoja na uwiano unabaki palepale. Mtego uko kwa anayetafuta usahihi zaidi: ananunua ADS1115, chipu ya ADC ya biti 16, yenye rejea yake ya ndani isiyoyumba, na papo hapo sifuri inaanza kutembea. Dawa ni kupima umeme wa sensa yenyewe kwenye chaneli nyingine ya ADS1115, kwa upeo wa kipimo wa volti 6.144, kisha kuigawa kwa mbili kila unapotafuta sifuri. Kuandika 2.5 ndani ya programu ni kujitafutia shida.

Kuna na kelele, yaani kuyumbayumba kwa kipimo. Toleo la ampea 5 lina kelele ya takriban milivolti 21 kilele hadi kilele hata likiwa na kapasita ya nanofaradi 47 kwenye pini ya kichujio, yaani zaidi ya ampea 0.11. Moduli nyingi huja na nanofaradi 1 tu pale, inayoruhusu hadi karibu kilohezi 80. Ukiweka 47, kikomo huteremka hadi kilohezi 2, kinachotosha kabisa kwa umeme wa hezi 50. Kwa DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri), chukua wastani wa sampuli mia kadhaa. Usinunue toleo la ampea 30 kupima ampea 1 "kwa usalama": kwenye Uno kila hatua ya ADC ni milivolti 4.9, sawa na miliampea 74.

Wapimaji wa AC (mkondo unaogeuka-geuka, kama wa ukutani) wana nafuu, kwa kuwa wastani wa sampuli zao ndio sifuri. Kusanya sampuli kwa milisekunde 200 kamili, ambazo ni mizunguko 10 ya hezi 50 au 12 ya hezi 60, toa wastani, kisha kokotoa RMS (kipeuo cha pili cha wastani wa miraba). Bila mzigo utabaki na kijinamba kidogo cha kelele. Usikitoe moja kwa moja. Toa mraba wake kutoka kwenye mraba wa kipimo, halafu tafuta kipeuo cha pili.

Majirani nao huharibu. Waya wa ampea 10 ulio sentimita 1 kutoka kwenye chipu huleta militesla 0.2, mara kadhaa ya uga wa dunia. Sogeza waya, au kalibisha (sahihisha kipimo kwa kukilinganisha na cha kuaminika) kila kitu kikiwa mahali pake pa kudumu ndani ya boksi. Kalibisha baada ya dakika 15 za kupasha: kondakta ya ndani ina miliomu 1.2, na ampea 20 huzalisha karibu nusu wati ndani ya chipu. Pima dhidi ya shanti (kipinzani kidogo cha kupimia mkondo) ya kuaminika, angalau pointi tano, zikiwemo za mkondo uliogeuzwa. Kama saketi ina relei, soma sifuri upya kila mzigo unapokatwa. Na kwa umeme wa ukutani, kumbuka kwamba insulesheni iko ndani ya chipu. Skrubu za moduli ziko wazi.

Sensa za Hall za kiini chenye tundu, yaani pete ya chuma ambayo waya hupita katikati yake, zina ujanja mzuri. Pitisha waya mara tano na ampea 2 zitaonekana kama 10. Ukigawa kwa tano, kosa la sifuri nalo limegawanyika. Ubaya wao ni kumbukumbu ya chuma: mkondo mkubwa wa ghafla, kama wa shoti, huacha usumaku kwenye kiini na sifuri hairudi hata umeme ukizimwa. Usumaku huo huondolewa kwa kupitisha AC tunduni na kuipunguza polepole hadi iishe.