Tambi za dengu zikilegea, usikimbilie magadi

Hapa Mtwara ukilalamika kwamba tambi zako za dengu zimelegea kabla chai haijapoa, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza magadi. Wanakupoteza. Magadi hufanya kinyunga kifure na kuwa na vitundu, na vitundu hunywa mafuta. Yakizidi, tambi huiva rangi kabla ya wakati na kuacha ladha ya sabuni. Kinachozifanya zivunjike vizuri ni mafuta ya moto yanayotiwa kwenye unga mkavu kabla ya maji. Kwa vikombe viwili vya unga wa dengu tia vijiko viwili vikubwa, pamoja na chumvi, manjano na pilipili ya unga. Changanya kwa mwiko kwanza, yakipoa sugua kwa vidole mpaka unga ukiufumbata ushikane, ndipo uanze maji, kidogo kidogo. Kijiko cha unga wa mchele nacho husaidia.

Halafu kuna wanaosubiri mafuta yafuke moshi. Hayo yameshaanza kuungua! Tambi zinataka nyuzi 170 hadi 180 hivi za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondosha kipande cha kinyunga: kikizama kidogo kisha kikapanda kikitoa mapovu, kamulia. Mapovu hayo ni maji yanayotoka kwa mvuke, basi usiepue mpaka yatulie. Sambusa zinataka moto mdogo zaidi, la sivyo manda hutoka malengelenge na kubaki laini ndani.

Kufunika zikiwa moto, eti zisipoe, ndiko kunakoharibu kazi kuliko yote. Mvuke hugonga kifuniko na kuzirudia. Zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa, kisha ziingie kwenye chupa ya kifuniko cha kukaza. Msimu wa mvua hewa yetu ya bahari huzilegeza kwa saa chache tu ukiziacha wazi. Zilizolegea usimpe kuku. Zipashe kwenye karai kavu, moto mdogo.

Wapo pia wanaoona korosho ni ya kuchoma tu. India kwenyewe huvikwa unga wa dengu wenye viungo na kukaangwa, na huko ilifikishwa na Wareno kutoka Brazil, kama ilivyofika kwetu. Nyunyizia maji kidogo tu ili unga ushike, na moto uwe wa wastani, maana korosho huungua upesi. Nunua zilizopasuka nusu, ni nafuu, na unga huzishika vizuri tu.